Kiwanda cha umeme wa taka kinaletwa mtaani: maswali yenu ya mwezi huu

Mwezi huu nimepata meseji nyingi za jambo moja, kile kiwanda cha kuchoma taka kizalishe umeme. Zimetoka pande zote, yupo aliyetumwa kukileta na wapo watakaoishi nacho, nikaona niziweke pamoja ukurasa mmoja maana hawa watu wanatakiwa wasikilizane na mpaka sasa hawajakaa wakasikilizana.

SWALI: Shikamoo mama. Mi ni afisa uhusiano wa jamii kwenye kampuni inayotaka kujenga kiwanda cha kuzalisha umeme kwa taka, pembezoni mwa Dar. Baada ya wiki tatu natakiwa nisimame kwenye mkutano wa mtaa niwaeleze wananchi. Bosi kanipa slaidi 40 zimejaa megawati na tani na picha za Ulaya. Tulishaenda mara moja na mwenyekiti wa mtaa, watu wakaanza kuguna hata slaidi ya tano sijafika, mzee mmoja akasimama akasema "dampo mlituambia la muda, leo mnatuletea moto", watu wakapiga makofi mkutano ukaishia hapo. Nifanyeje wakubali? (Afisa, Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hilo neno lako la mwisho, wakubali. Umetumwa kwenda kuchukua ndiyo, na watu wa mtaani wanaijua harufu ya mtu aliyekuja kuchukua ndiyo kuliko wanavyoijua harufu ya dampo. Kama kiwanja kishachaguliwa, mkataba ushasainiwa na ramani ishachorwa, basi mkutano wako ni wa kutoa taarifa, waambie hivo hivo kwamba ni taarifa, usiwadanganye kwamba mnawashirikisha. Ila kama bado kuna kitu hakijaamuliwa, hicho ndo ukapeleke mbele yao, hata kama ni kimoja tu, eneo au ukubwa wa kiwanda au njia ya magari.

Na yule mzee ana haki yake. Kwa Dar hii habari ya taka ina kumbukumbu ndefu. Wakazi wa Tabata walienda Mahakama Kuu, kesi namba 29 ya mwaka 1988, wakishtaki jiji kwa dampo lililokuwa linawafukiza moshi na harufu usiku na mchana. Wakashinda. Jiji likarudi kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga, na mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa, akasema kuwahatarisha watu namna ile kunagusa haki ya kuishi iliyoko ibara ya 14 ya Katiba. Miaka ile kutaja katiba kwenye kesi ya takataka lilikuwa jambo kubwa sana. Baada ya hapo taka zikaenda Vingunguti, zikaenda Mtoni, sasa ziko Pugu Kinyamwezi, yani kila mahali zilikofika kulikuwa na watu, na hao watu wana watoto na wajukuu waliosimuliwa. Kwahiyo unaposimama na slaidi zako unasimama mbele ya watu wanaojua zaidi ya miaka 30 ya ahadi, we una wiki tatu.

Mwambie bosi wako kisa cha Tokyo, kimkae kichwani maana ni kisa cha hela na muda na mabosi wanaelewa hivo. Mwaka 1966 serikali ya jiji lile ilichagua kiwanja cha kuchomea taka eneo la Takaido, wilaya ya Suginami, bila kuwauliza wakazi. Wakazi wakagoma. Wakati huo taka nyingi za jiji zilikuwa zinapita wilaya ya Koto kwenda kufukiwa baharini, wakazi wa Koto nao wakachoka wakasema kwanini sisi tule nzi wa watu wanaokataa hata tanuri lao wenyewe. Gavana Minobe mwaka 1971 akatangaza kwamba jiji liko kwenye vita ya taka, ndo neno alilotumia. Baadae watu wa Koto wakayazuia barabarani magari ya taka yaliyotoka Suginami. Maelewano yakapatikana mwaka 1974 kupitia mahakama, kiwanda kikaja kukamilika 1982. Hesabu mwenyewe, miaka 16 tangu walipochagua kiwanja kimyakimya.

Sasa jirani yao pale pale, mji wa Musashino, nao ulianza vibaya hivo hivo, meya akataja kiwanja watu wakakataa, lakini wao walirudi nyuma wakaunda kamati ya wananchi ikapewa maeneo kadhaa iyalinganishe yenyewe. Unajua kamati ilichagua wapi? Karibu kabisa na ofisi za manispaa. Kiwanda kikafunguliwa 1984, na mwaka 2017 wakajenga kipya eneo lile lile. Ukiniuliza mimi hii ndo slaidi moja ya kwenda nayo, futa zile 39, kwa sababu swali la kwanza kabisa la wananchi, hata kama hawalisemi kwa sauti, ni kwanini kwetu na si kwenu.

Halafu kuna jambo ambalo naona kwenye slaidi zako halipo kabisa (ulinitumia picha zake nikazipitia zote) na ndilo linaloamua kama kiwanda kitafanya kazi au kitakuwa gofu. Taka zetu ni mbichi. Taka za Ulaya zimejaa karatasi, maboksi na plastiki, zetu zaidi ya nusu ni maganda ya ndizi, makapi ya nazi, mabaki ya ugali na wali, majani ya mboga za sokoni. Mtu yeyote aliyewahi kupika kwa kuni mbichi za mwembe anaelewa, moto unatumia nguvu yake yote kukausha maji kwanza, unapata moshi machozi na chai haichemki. Benki ya Dunia kwenye miongozo yake inasema taka zinatakiwa ziwe na wastani wa megajuli 7 (kipimo cha joto linalotoka zikiungua) kwa kilo kwa mwaka mzima, na zisishuke chini ya 6 msimu wowote, bila hapo tanuri linahitaji kusaidiwa na dizeli. Sasa fikiria taka za Dar mwezi wa nne, masika, zimelala juu ya mkokoteni bila turubai siku tatu. Muulize bosi wako, hizo taka mlipima lini na wapi? Kama walipima kiangazi tu, tena kwenye mtaa wa watu wenye geti na bustani, rudini mkapime tena, soko la Mabibo na Buguruni na uswahilini, kiangazi na masika. Ukienda mkutanoni ukawaambia wananchi "tumekuja kwanza kupima taka zenu, tutarudi na majibu", nakuhakikishia watakusikiliza, kwa sababu utakuwa mtu wa kwanza kuja na swali.

Na ukipima vizuri utagundua kitu ambacho kampuni haikipendi, kwamba ukitoa ule uchafu mbichi wa masokoni ukaufanya mboji, kama kile kiwanda cha mboji cha Mabwepande kilichojengwa kwa ushirikiano wa Dar na jiji la Hamburg, basi kinachobaki cha kuchoma ni kidogo. Kiwanda kinakuwa kidogo. Hapo ndo penye mtego mkubwa, mwanangu. Kiwanda kikubwa kina njaa, na mikataba mingi ya hivi viwanda inaifunga halmashauri ilete tani kadhaa kila siku kwa miaka 20 au 25, zisipofika inalipa. Maana yake halmashauri inapata hasara wananchi wakipunguza taka! Sweden wanaagiza taka nchi za watu ili matanuri yao yasilale. Na Marekani mji wa Harrisburg, makao makuu ya jimbo la Pennsylvania, ulikopa kukarabati tanuri lake mpaka deni likapita dola milioni 300, mwaka 2011 baraza la mji likaenda mahakamani kuomba mji utangazwe umefilisika. Mji wa watu kama 50,000 tu. Hili waambie wananchi pia, usilifiche, waambie na nyie mtafanya nini lisitokee.

Kuhusu mkutano wenyewe, nina machache kwa sababu mengine utayaona mwenyewe. Usianze na mkutano, anza na mama lishe, kijiwe cha bodaboda, mafundi gereji, wajumbe wa mashina, imamu na mchungaji, kaa nao wiki mbili bila flana wala soda. Soda usipeleke kabisa. Na ile karatasi ya mahudhurio, naomba sana unisikilize hapa, watu wanasaini jina na namba ya simu wakidhani ni ya nauli, kesho karatasi imebandikwa nyuma ya ripoti ya Tathmini ya Athari kwa Mazingira kama ushahidi kwamba wananchi waliridhia. Andika juu kabisa kwa herufi kubwa, KUSAINI HAPA SIYO KUKUBALI MRADI. Muhtasari usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, na waliokataa waandikwe walikataa na sababu zao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka wananchi washirikishwe kwenye tathmini na maoni yao yazingatiwe kabla cheti cha mazingira cha mradi hakijatoka, kwahiyo hapo huwafanyii hisani.

Ukirudi kwa bosi ukamwambia watu wamesema hapana, na hapana yao ina sababu, umefanya kazi yako. Najua ni ngumu kumwambia hivo mtu anayekulipa mshahara.

SWALI: Mama habari za kazi. Nakaa karibu na dampo, nina watoto wawili na mdogo ana kifua kinambana kila mara, dampo likiwaka moto hatulali. Wamekuja watu wanasema kiwanda kitachoma taka zote na moshi utakuwa safi. Mi nimesoma la saba tu sielewi, moto wa dampo unaniumizia mwanangu halafu wanasema moto mkubwa zaidi hautamuumiza? (Mama wawili)

JIBU: Pole sana mama, na swali lako ni swali la maana kuliko mengi niliyosikia kwa waliosoma. Kwanza mtoto mpeleke hospitali wamwangalie vizuri, kama ni pumu zipo dawa za kuvuta, usisubiri kiwanda wala usisubiri dampo lifungwe.

Moto wa dampo ni mbaya kwa sababu ni moto wa chini, unafukuta, plastiki na matairi na betri vinaungua nusunusu na hakuna kinachochuja. Kule Nairobi, dampo la Dandora, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilitoa utafiti mwaka 2007 waliwapima watoto 328 wanaokaa na kusoma karibu na dampo, nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika. Nusu. Kwahiyo mtu akikwambia dampo libaki kama lilivyo eti ni salama kuliko kiwanda, naye anakudanganya. Na dampo linaua hata bila moshi, mlima wa taka wa Koshe pale Addis Ababa uliporomoka usiku mwezi wa tatu 2017 ukafukia nyumba wakafa zaidi ya watu 100, na Kiteezi pale Kampala mwezi wa nane 2024 wakafa zaidi ya 30.

Kiwanda kikijengwa vizuri kinafanya hivi. Moshi unatakiwa ukae kwenye joto la nyuzi 850 kwa angalau sekunde 2, hapo zile sumu mbaya zinazoitwa dayoksini zinavunjika. Halafu moshi unapoozwa haraka maana ukipoa polepole zinajiunda tena, unapitishwa kwenye chokaa na unga wa mkaa maalum, mwisho kwenye mifuko mikubwa ya chujio kabla ya kutoka bombani. Hayo yote yakifanya kazi, hewa inayotoka ni safi mno ukilinganisha na unayovuta sasa.

Ila nisikufiche, neno langu kubwa hapo ni yakifanya kazi. Hatari inakuja wakati wa kuwasha na kuzima, wakati umeme umekatika ghafla, wakati mfuko wa chujio umetoboka na spea iko melini. Kwahiyo ukiwa mkutanoni we simama uulize mambo haya, hata ukiyaandika kiganjani sawa tu. Umeme ukikatika moto unabaki nyuzi ngapi na kwa kutumia nini? Nani anapima dayoksini, mara ngapi kwa mwaka, na sampuli zinapimwa maabara ya wapi? Je, ubao wa vipimo utawekwa nje ya geti tuusome wenyewe? Na watoto wetu damu itapimwa kabla kiwanda hakijawashwa, ili baadae mtu asije kusema walikuwa hivo hivo?

Uliza na majivu. Hapa wengi wananyamaza. Kwenye kila tani 100 za taka zinazoingia, tani 20 mpaka 25 zinabaki majivu mazito ya chini, na nyingine 2 mpaka 5 ni majivu mepesi yanayokamatwa kwenye chujio, haya ya pili ndo yamebeba madini yenye sumu kama risasi na kadmiamu, na dayoksini zote ambazo hazikupita bombani, yani usafi wa moshi umehamia pale kwenye majivu. Yanatakiwa yafukiwe kwenye shimo lililotandikwa vizuri lisivuje kwenye visima. Muulize shimo liko wapi, akuonyeshe kwa kidole.

Na magari. Kiwanda cha tani 1,000 kwa siku, gari likibeba tani 10, ni magari 100 yanaingia na 100 yanatoka, mlangoni kwako, yakichuruza yale maji meusi barabarani ambayo wote tunayajua.

SWALI: Mambo vipi aunt. Mi naokota chupa na makopo dampo mwaka wa saba sasa, ndo kodi ndo ada ya mdogo wangu. Wakisema kiwanda kinakuja tunafurahi barabara itatengenezwa, ila msimamizi mmoja katuambia tukatafute kazi nyingine. Tuna haki gani sisi? (Kijana wa dampo)

JIBU: Poa kijana wangu. Nimeisoma meseji yako mara tatu maana nyie hamtajwi kwenye mradi wowote, na kumbe kazi ya kuchambua taka mjini hapa mmeifanya nyie kwa mikono bila glavu.

Elewa kwanza kwanini mnagongana nao. Chupa, mifuko, maboksi, ile mali unayouza kwa kilo ndo kuni zao, taka bila plastiki na karatasi haiwaki vizuri, kwahiyo ukiokota unapunguza moto wa tanuri na akichoma anachoma kodi yako ya nyumba. Asikwambie mtu kwamba hilo litajipanga lenyewe. Linatakiwa kuandikwa kwenye mkataba, kwamba taka zinapita kwenye sakafu ya uchambuzi kabla ya tanuri, na wanaochambua ni nyie, kwa mshahara au kwa kilo, na mali inayouzika inabaki yenu.

Msiende mmoja mmoja. Sajilini kikundi pale kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mkiwa vijana mnaweza hata kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri mkanunua mashine ya kufunga mabelo. Andikeni daftari, majina, mwaka kila mtu alipoanza, kilo kwa wiki. Hilo daftari ndo litakalowatetea tathmini ya fidia ikija, kwa sababu mtathmini anahesabu nyumba na miembe na makaburi, kipato cha mtu asiye na karatasi hakioni. Kule Pune, India, waokota taka walijiunga kwenye ushirika wao unaitwa SWaCH wakaingia mkataba na manispaa, wanazoa taka nyumba kwa nyumba na vitambulisho wanavyo, na wengi wao ni akina mama waliokuwa wanafukuzwa kama mnavyofukuzwa nyie.

Na yule afisa uhusiano wa swali la kwanza hapo juu, kama unasoma hadi hapa, tafadhali kabla ya mwenyekiti wa mtaa anza na hawa. Nenda asubuhi saa kumi na mbili, magari yanaposhusha.

SWALI: Je, tukikubali kiwanda umeme kwetu utashuka bei? (Msomaji, Chanika)

JIBU: Hapana. Umeme wake utaingia gridi ya Taifa, TANESCO itaununua, na bei ya yuniti inapitishwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, nchi nzima, jirani wa kiwanda hana bei yake. Tena ni umeme kidogo, kiwanda cha megawati 20 ukikiweka pembeni ya bwawa la Julius Nyerere lenye 2,115 hakifiki hata asilimia 1. Kiwanda cha namna hii sababu yake ni kuondoa taka, anayekuja kuwauzia kwa jina la umeme muulizeni anakwepa kuongelea nini. Kama kuna mnachotaka kama majirani, zahanati, maji, taa za barabarani, ajira kadhaa kwa vijana wa mtaa, kitajeni kwa idadi na tarehe, kiandikwe kwa Kiswahili, na nakala moja ibaki ofisi ya serikali ya mtaa mahali ambapo yeyote anaweza kuingia akaomba kuisoma.